Lavabo ya Komanda

Tulimzika Mama Kavira siku ya Alhamisi, kwenye makaburi ya juu ya kilima, kisha tukarudi nyumbani kwake kukaa matanga. Wanawake walikuwa wamepika maharagi na viazi vya Lubero, wanaume tulikaa uani chini ya turubai, na mchungaji akasimama kusema kwamba marehemu alikuwa mama wa moyo mweupe, asiyekuwa na neno la kuficha. Niliinamisha kichwa kama wengine. Nilipokiinua, macho yalikwenda yenyewe kwenye paa la nyumba, ambako mabomba mawili yamechomoza: moja pana, la zamani, katikati ya mabati, na lingine jembamba linalopanda ukutani kwa nje, limeshikwa na vyuma vinne nilivyovipigilia kwa mkono wangu. Fundi mwenzangu aliyekaa kando yangu alikuwa akitazama huko huko. "Papa Kasereka," akaninong'oneza, "ni mutu gani aliweka tuyo mbili ya hewa kwa nyumba moja? Alikuwa na mali ya kutupa?" Nikamwambia ni mimi. "Mais, kwa nini?" "Lavabo ilikuwa mbali na bomba kubwa," nikajibu. Akatikisa kichwa, ameridhika. Ni jibu la kweli, na mtu yeyote anayeijua kazi hii atalikubali. Nimelitoa kwa zaidi ya miaka ishirini na halijawahi kunipungukia. Kwa sababu mtu ambaye jibu lingine lingemdhuru sasa amelala kilimani, nitaandika hapa lile lililobaki.

Mwaka ninaousema ni mmoja wa miaka ya vita vya pili vya nchini kwetu, wakati Butembo ilishikwa na watu wenye bunduki ambao wakubwa wao walikaa Beni. Kutoka kwetu hadi Beni ni mwendo wa nusu siku kwa gari ikiwa barabara ni mbaya, lakini mwaka ule jina la mji lilikuwa limebadilika maana. "Alipelekwa Beni" ilikuwa sentensi nzima, hakuna aliyeuliza inaishia wapi. Kusini, kwenye njia ya Kanyabayonga, kulikuwa na mstari, na ng'ambo ya mstari kulikuwa na watu wengine wenye bunduki. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho wale wetu walikiogopa kilikuwa phonie, ile redio ya kuzungumzia ambayo wafanyabiashara na makanisa waliitumia zamani kabla ya simu za mkononi. Mzee Paluku, mume wa Mama Kavira, alinunua maharagi Kalunguta na mafuta ya mawese Kasugho, na phonie yake ilikaa sebuleni. Kila asubuhi saa moja mtaa mzima tulimsikia: "Kasugho, Kasugho, hapa Butembo, unanipata?" Ilipotoka amri kwamba phonie zote zipelekwe, aliipeleka yake siku ile ile. Lakini mashine ilikosa mikro, ile sehemu unayoishika mkononi na kusemea, na ilikosa waya wa angani. Mzee alisema aliviacha vyote mezani pamoja na mashine. Komanda wao wa pale mjini hakumwamini. Alisema mtu anayeficha mikro anangoja mashine nyingine, na mtu anayengoja mashine ana mtu wa kuzungumza naye Kanyabayonga.

Baada ya hapo Komanda aliichukua nyumba yenyewe. Familia ilihamia vyumba viwili nyuma ya jiko, uani, na ghorofa ikawa ofisi na makao. Mara tatu Mzee Paluku alipandishwa ngazi za nyumba yake mwenyewe kuulizwa juu ya mikro. Alikuwa shemasi, na watu wa kanisa letu hawapendi viapo, neno letu la ndiyo linapaswa kutosha. Hata hivyo mara zote tatu aliweka mkono juu ya Biblia na kuapa kwamba hajui mikro iko wapi. Askari walivunja saruji ya sebule, wakachimba chini ya mahali pa kuku, wakatoboa magodoro. Hawakupata kitu. Kila mtu mtaani alielewa kwamba siku mikro ikionekana ndani ya nyumba ile, aliyeificha hatalala Butembo.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa fundi bomba bila cheti. Kazi nilijifunza kwenye kitabu cha Kifaransa kilichokosa jalada, nilichokiokota kwenye karakana ya misheni kati ya misumari iliyopinda. Nilikisoma kwa miaka miwili, kamusi ikiwa kando, nikinakili michoro kwenye daftari la mistari ya mraba. Mafundi wa soko waliniita "fundi ya kitabu," na hawakuwa wakinisifu. Lakini nilikuwa nimejitwalia kanuni moja ambayo hawakuwa nayo: ukitafuta kosa, badilisha kitu kimoja tu, tazama, andika, ndipo uguse kingine. Nilikuwa na imani kwamba kanuni hiyo inatosha kwa maisha yote. Sasa najua ni nzuri kwa mabomba.

Komanda aliniita asubuhi moja ya ukungu. Ofisi yake ilikuwa chumba kilicholalwa zamani na mabinti wa nyumba, na ukutani bado kulikuwa na alama za penseli za kupima urefu wao. Palikuwa na meza, ramani, kiti chake, kiti cha mgeni, na kiti cha tatu kilichowekwa mbali, kikitazama ukuta. Watu walisema alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya vita, na nilikubali nilipoona jinsi alivyopanga kalamu zake. Alinionyesha chumba kidogo kando ya ofisi, stoo ya upana wa mita moja na nusu, akasema anataka lavabo hapo, bakuli la ukutani la kunawia mikono. Nilimwambia bafu lenye lavabo liko mwisho wa koridoo. "Najua," akasema taratibu. "Mais, nikimaliza kuongea na mutu, sipendi kupita mbele ya batu na mikono haiko safi." Nilitazama mikono yake. Kucha zilikuwa zimekatwa vizuri, safi kama za daktari. Niliandika vipimo nikashuka.

Kazi ilichukua siku tatu. Kutoka lavabo hadi bomba kubwa la bafuni, lile linaloshuka kwenye fosi, shimo la maji machafu, palikuwa na mita nne na sentimita ishirini. Nilipitisha bomba ndani ya ukuta, nikaliwekea mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita, na chini ya bakuli nikaweka sifoni. Sifoni ni kona ya bomba inayobakiza maji kidogo kila mara, na maji hayo, kiasi cha glasi moja, ndiyo mlango pekee kati ya chumba unamolala na hewa ya fosi. Yakikauka, mlango uko wazi. Nilifungua maji, yakashuka, nikakusanya vyombo. Kwenye ngazi askari mmoja mnene kutoka upande wa Équateur alimwaga sanduku langu lote sakafuni, akapapasa suruali yangu hadi kwenye soksi, kisha akaniuliza kama saa sita imefika. Aliuliza hivyo kila siku, kwa sababu saa sita Mama Kavira aliiepua sufuria motoni, na nyumba nzima ilimwita Saa Sita, hata yeye mwenyewe aliitika.

Jumatatu iliyofuata waliniita tena. Komanda alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na kitambaa puani. Harufu ya fosi ilijaa chumba, ikafika kwenye ramani. "Wewe fundi, umenifungulia mulango ya choo ndani ya bureau," akasema. Hakupaza sauti. "Jumapili bakubwa banatoka Beni. Banakuja kula hapa, banakuja kuangalia kazi yangu. Kama harufu ingali iko, hapana mimi nitaeleza. Utawaeleza wewe. Utapanda gari yao, utakuwa unawaeleza mpaka kule." Saa Sita, nyuma yangu, aliacha kutafuna.

Kwa hiyo nilikuwa na siku sita, nikaanza kwa utaratibu. Jumanne nilipima mteremko upya kwa chupa ya maji, nikaupata kama nilivyouweka. Jumatano nilijaza bakuli hadi ukingoni nikaliachia. Maji yalishuka polepole, halafu mwishoni yakavuta kwa mkoromo mrefu, kama ng'ombe anayemaliza ndoo. Nilifungua kikombe cha sifoni: kilikuwa karibu kikavu. Nilikijaza kwa mkono, nikamwomba Saa Sita aende bafuni avute mnyororo wa choo. Alivuta. Na hapo, mbele ya macho yangu, maji ya lavabo ambayo hakuna aliyeyagusa yalizama yenyewe, yakanguruma, yakaisha. "Tena," nikasema. Akavuta tena. Nilikwenda bafuni, nikatazama tundu la beseni la kuogea, nalo likanywa maji yake. Saa Sita alifanya ishara ya msalaba. "Muzee, iyi nyumba iko na kitu ndani," akasema. Nilicheka ili nimtulize. Hata hivyo alikuwa amesema kweli.

Maji yanaposhuka ndani ya bomba kubwa yanavuta hewa nyuma yao. Hewa hiyo inapaswa kutoka juu, kwenye bomba linalopanda hadi paani na kubaki wazi. Ikikosa njia, maji hunywa hewa kupitia sifoni, na kila sifoni hukauka. Familia haikuwa imeligundua hilo kwa sababu walimwagia choo kwa kopo na kuziba tundu la beseni kwa kitambaa. Askari ndio waliolijaza tangi na kuvuta mnyororo mara ishirini kwa siku. Nilijua sasa kosa halikuwa langu, na nilijua liko wapi. Mjini kwetu bomba lile la paani linaitwa bomba kavu. Mafundi waliojenga nyumba za wafanyabiashara waliziiga nyumba za Wabelgiji, wakaweka bomba kwa sababu Wabelgiji waliliweka, na hakuna aliyewaeleza kazi yake. Halipitishi maji, halipitishi uchafu, limesimama tu. Watu wa Butembo ni watu wa biashara, hawawezi kuona kitu kimekaa bure. Nimekuta mabomba makavu yaliyozibwa kwa saruji kuzuia popo, yaliyokatwa kutengenezea mfereji, na moja lililohifadhi hati za shamba.

Alhamisi adhuhuri, kabla ya kupanda paani, nilikula uani. Mama Kavira alitupa mimi na Saa Sita fufu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa puaro, yale majani yanayonukia kama kitunguu. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache. Alipoinama kuniwekea maji ya kunawa niliona kitenge chake cha buluu chenye majani ya njano, kona yake moja imekatwa na kupindwa upya kwa uzi mweusi. Niliona tu, kama fundi anavyoona mshono. "Lavabo haikubali?" akaniuliza. "Itakubali, Mama. Hewa ndiyo haipiti. Nitaangalia bomba ya juu." Aliendelea kumimina wakati mikono yangu ilikuwa imekwisha kutakata, hadi bakuli likafurika kwenye viatu vyangu.

Juu ya mabati niliteremsha waya ndani ya bomba kavu. Kwenye kina cha mita moja na nusu uligusa kitu laini. Nilizungusha, nikavuta, na kwenye ncha ya waya palining'inia nyuzi mbili, moja ya buluu, moja ya njano. "Umepata nini?" Saa Sita akapaza sauti kutoka chini. "Kiota ya ndege." "Iko na mayai?" "Hapana." "Basi, ya nini kuchelewa!" Nilizimeza zile nyuzi. Sikufikiri, nilizitia mdomoni nikameza.

Nilimwambia nahitaji kuingia ndani ya plafo, yaani juu ya dari ya koridoo. Alinishikia ngazi. Humo, kwa mwanga uliopenya kwenye matundu ya misumari, nililiona bomba limekatwa na kuunganishwa tena kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Niliufungua. Kifurushi kilikuwa kimefungwa kwa kona ya kitenge. Nilikipapasa bila kukifungua: waya uliokunjwa duara, kamba iliyojisokota, na kitu cha ukubwa wa sabuni chenye kitufe ubavuni. Nilikaa juu ya boriti muda usiopungua dakika kumi. Nilielewa viapo vya Mzee Paluku. Alikuwa akisema kweli. Mkewe alikichukua kitu kile bila kumwambia, ili mume akiulizwa awe na kinywa safi. Alikuwa amempa kiapo cha kweli, na yeye akabaki na mikro.

Sikuweza kuitoa. Ngazini walinipekua kila nilipopanda na kila niliposhuka. Sikuweza kuiacha wazi kwenye plafo, maana sakafu na magodoro vilikwisha kutafutwa na zamu ya plafo ilikuwa inakuja. Mahali salama kuliko pote katika nyumba ile palikuwa pale pale alipopachagua mwanamke asiyejua bomba lile lina kazi. Niliirudisha. Nilikaza mpira mara tatu nikashuka, nikijua kwamba sasa lazima niifanye nyumba ipumue kwa pua nyingine.

Kitabu changu kilikuwa na jibu, na hiyo ndiyo sehemu ambayo bado inanishangaza: jibu la kweli lilikuwepo tangu mwanzo. Lavabo iliyo mbali na bomba kubwa inastahili bomba lake la hewa, nyuma tu ya sifoni, linalopanda hadi juu ya paa. Ijumaa nilitoboa ukuta wa nje, nikalipandisha. Jumamosi asubuhi nikamfungulia Komanda daftari. Alisoma mchoro wangu kwa kidole, kama anayesahihisha mtihani. "Na bomba ya zamani, ile ya juu? Iko na kazi gani?" "Ni ya choo, Komanda. Lavabo iko mbali nayo." "Umeiangalia?" "Nimeiangalia." "Inapumua?" Nilisema ndiyo. Akafunga daftari. "Nilikuwa mwalimu. Mwanafunzi akisema ndiyo, namwambia athibitishe. Tutachoma moshi chini. Ukipita bomba zote mbili, donc umesema kweli."

Tulifungua sanduku la saruji uani, mahali ambapo bomba kubwa linaingia fosi. Saa Sita aliwasha matambara yenye mafuta ndani ya kopo, akafunika kwa gunia akapepea. Komanda alisimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, akitazama paa. Moshi ulitokeza kwenye bomba langu jipya, mwembamba, mweusi, ukapanda wima. Kwenye bomba kavu hapakuwa na kitu. Nilihesabu hadi thelathini. Nilisikia nyuma yangu mlango wa jiko ukifunguliwa na vyungu vikisukumwa, kisha harufu ya mkaratusi mbichi. Moshi mweupe, mzito kama pamba, ulitoka dirishani mwa jiko na mlangoni na chini ya mabati ya jiko, ukavingirika juu ya uwanja, ukalipanda paa la nyumba na kulimeza lote. Komanda alikohoa. Mama Kavira alitoka akifuta macho kwa kitenge. "Mutusamehe, Komanda. Kuni ni mbichi. Naandaa ya bageni ya kesho."

"Unaona moshi kwa bomba ya zamani?" Komanda akamuuliza Saa Sita.

"Afande, moshi iko kila pahali," Saa Sita akajibu, machozi yakimtiririka. "Iko mpaka ndani ya kichwa yangu."

Askari wawili walicheka. Komanda alibaki akitazama paa, halafu jiko, halafu mimi, kwa mpangilio huo. Nikaona kwamba hesabu ilikuwa imebaki wazi kichwani mwake. Kisha akapanda juu, akajaza lavabo, akavuta kizibo, akaagiza choo kivutwe mara tano. Maji yalishuka bila sauti. Harufu haikuwepo. "Kesho utakuwa hapa mu koridoo," akaniambia, "ikikataa mbele ya bageni uko karibu."

Jumapili, baada ya ibada, magari mawili yalifika kutoka Beni. Nilisimama koridoo tangu saa tano, sanduku miguuni. Wageni walikuwa wanne. Mmoja baada ya mwingine waliingia stoo kunawa, na mmoja akaisifu lavabo: "Komanda, uko na kazi ya Kizungu hapa!" Mama Kavira alipandisha nyama ya mbuzi, viazi, ndizi, sombe, akashuka bila kumtazama mtu. Mlango wa ofisi haukufungwa vizuri. Nilisikia vijiko, nilisikia wakiongea juu ya mafuta ya gari, juu ya Kanyabayonga, wakacheka juu ya mtu aliyekimbia na kiatu kimoja. Kisha sauti nzito ikauliza, kama mtu anayeomba chumvi: "Na ile mutu ya phonie?"

"Anaapa kama hajui," Komanda akasema.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi kesho tunarudi naye. Beni atajua."

"Pengine hajui kweli," Komanda akasema. Nilimsikia akiweka uma chini. "Kuna mutu anajua ndani ya iyi nyumba. Mais, hapana hakika ni nani."

"Ukiwa na mikro, utaniletea. Huna mikro, nitachukua mwenye phonie."

Nilishuka kuomba maji ya kunywa. Mama Kavira alikuwa jikoni peke yake, anasugua sinia kwa majivu. Mzee Paluku alikuwa bado kanisani kwenye kikao cha mashemasi. Palikuwa na nafasi, na palikuwa na muda: mchana mzima, na njia ya Kalunguta kupitia mashamba ya migomba ilikuwa wazi hadi jioni. "Banakula?" akaniuliza. "Banakula, Mama." "Lavabo?" "Haina shida." Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Alikuwa akiniuliza jambo lingine, nami nilijua. Ningeweza kusema: kesho wanamchukua. Angemkimbiza, au angepanda ngazi zile aseme, "Ni mimi niliyeificha, mikro iko pale." Lakini mikro ikitoka kwenye bomba lile, swali la pili lingekuwa juu ya fundi aliyekaa kwenye plafo siku ya Alhamisi, akashuka akasema bomba linapumua. Hata Mzee akikimbia wangeuliza ni nani alisikia mlangoni. Nilikunywa maji, nikarudisha kikombe, nikapanda tena koridoo. Nimeandika sababu zangu kwa mpangilio kama nilivyozoea. Sioni moja ambayo haianzi na mimi.

Walimchukua Jumatatu asubuhi. Alikuwa amevaa koti la kanisa na viatu vilivyong'arishwa, Biblia mkononi, kama mtu anayekwenda mkutanoni. Kwenye gari alimwambia mkewe kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Usiogope. Sina la kuficha. Watauliza, nitasema kweli, nitarudi." Gari likaondoka. Wanaume wa kanisa walikwenda Beni mara mbili kumwulizia. Mara ya kwanza waliambiwa yupo, mara ya pili kwamba hakuna mtu wa jina hilo aliyewahi kufika.

Lavabo iliendelea kufanya kazi. Watu walioitwa pale miezi iliyofuata waliniambia kitu kilekile bila kujua walikuwa wanamwambia nani: ungekaa kwenye kiti cha ukutani, ungesikia bomba likifunguliwa kwenye chumba cha pili, maji yakimwagika kwa muda mrefu, kisha kimya kabisa, na hapo ndipo angeingia. Fundi mbaya angewaachia angalau mkoromo.

Mwishoni mwa mwaka Komanda alihamishwa pamoja na watu wake. Saa Sita alimwachia Mama Kavira blanketi la jeshi, akaomba sahani ya mwisho. Siku ya tatu baada ya hapo Mama Kavira aliniita. Nyumba ilikuwa tupu, alama za meza zimebaki sakafuni. Hakunieleza kazi, alinionyesha tu mlango wa plafo. Nilipanda, nikafungua mpira, nikateremka na kifurushi, nikakiweka mbele yake jikoni, juu ya kinu kilichopinduliwa. Kitenge kilikuwa kimeoza kwa hewa ya fosi. Alikifungua hadi mikro ikaonekana, akaitazama kwa muda mrefu bila kuigusa.

"Kila mara alipokuwa anaapa, nilisikia kutoka hapa," akasema. "Mara ya kwanza nilijiambia, nitasema kesho. Mara ya pili, kesho. Batoto bangu ni batano, Kasereka. Nilikuwa nahesabu batoto." Kisha akauliza, bado akiitazama mikro: "Ile Jumapili ulikuwa mu koridoo. Mulango haifungikaki vizuri, ni nyumba yangu, najua. Ulisikia?"

"Nilisikia, Mama."

"Na ulishuka ukaniomba maji."

"Ndiyo."

Nilingoja anifukuze. Nje, upepo ulikuwa unapiga mabati. Alikusanya kifurushi chote kwa mikono miwili, akakiweka kwenye moto chini ya sufuria, na ule mpira wa kamba ukaanza kutoa moshi mweusi.

"Basi tuko wawili," akasema, akanipakulia chakula.